Barua kwa mwanangu: inaoza wapi?

Chamwino, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako kwamba unasafiri wiki ijayo umetufikia, na mama yako aliusoma mara mbili kabla ya kunipa simu. Tumefurahi sana. Lakini kuna neno moja uliloliandika bila kulifafanua, nalo limeninyima usingizi: kwamba plastiki utakayokwenda kuitengeneza "inaoza". Inaoza wapi, mwanangu, na kwa muda gani?

Ulivyonieleza kopolima bloku nilielewa, hata nikawaeleza wazee wenzangu mnadani: kwamba ni mnyororo mmoja, kama shanga ambazo nyekundu zote zimetungwa upande huu na nyeupe upande ule, kipande cha kaprolaktoni kinaleta ulaini, na kipande cha laktidi, ambayo asili yake yaweza kuwa wanga wa mahindi, kinaleta ugumu. Wakaniuliza kama kweli ni binti yangu anayeyajua hayo. Nikawajibu kuwa ni wangu.

Ulisema pia kwamba unyevu kidogo ukiingia katika chombo cha kuitengenezea plastiki, minyororo inakatika ikiwa mifupi. Basi fikiri: maji hayo hayo mnayoyafukuza maabara ndiyo yanayohitajika baadaye ardhini ili kuukata mnyororo, vijidudu viweze kuula. Kwenye mitambo ya mboji wanaweka unyevu na joto la nyuzi 58 hivi, na hapo kipande cha laktidi kinalegea. Hapa kwetu mvua ikikatika, udongo unakaa mkavu zaidi ya nusu mwaka.

Vile vipande vinne vya plastiki ulivyoniachia mwaka jana nilivizika, viwili kwenye mizabibu ninakomwagilia na viwili mpakani penye ukavu. Hukuniulizia habari zake hata siku moja. Alhamisi nilivifukua. Vya kwenye mizabibu vilikatikia mkononi mwangu. Vya mpakani nilivifuta vumbi kwa kidole, na namba ulizoandika kwa kalamu zikasomeka zote.

Katika kuchimba nilikutana na viriba vya plastiki vya miche ya mwaka 2011, vyeusi, vizima, na shamba hilo halijawahi kulimwa na mtu mwingine. Mbuzi wako unajua alifunguliwa tumbo likakutwa na nini. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini iliyokwisha kufukiwa bado ipo.

Kwa hiyo nakusihi: usiandike "inaoza" pekee. Andika ilioza katika joto gani, unyevu kiasi gani na miezi mingapi, hata kama msimamizi wako ataona unajipunguzia sifa. Nasema tena, usiandike neno hilo kwa udongo ambao hukuupima.

Ada ya mdogo wako imebaki nusu, nitaimalizia nikiuza zabibu. Paa la jiko linavuja palepale, nami nilisema nitalitengeneza tangu masika. Sweta nunua mapema, usingoje baridi ikukute.

Mama yako amekufungia karanga na unga wa uwele katika kitambaa. Ukija Jumamosi kuaga, njoo na vipande vingine kumi vyenye namba na tarehe. Mashimo mpakani nimeshayachimba, na daftari la kuandikia nimenunua.

Baba yako