Barua kwa mpwa wangu anayesema jeni zimeisha

Mpwa wangu,

Nimesikia unataka kuacha baiolojia kwa sababu eti jeni zote za binadamu zilishajulikana tangu 2003. Nakujibu hapa hadharani ili na wenzako wasome.

Kilichofanyika 2003 ni kusoma herufi za DNA, na hata hizo vipande vya mwisho vimekuja kukamilika 2022. Tuna jeni kama 20,000 zinazotengeneza protini, na si chache ambazo mpaka leo hakuna anayejua protini yake ina kazi gani mwilini.

Chukua jeni iitwayo MXRA8, iliyoko kwenye kromosomu ya 1. Hii inatuhusu sisi wa Newala, huku kusini mwa Tanzania. Bibi yako alikuwa binti mdogo ile homa ya 1952 ilipoingia, watu wakatembea wameinama, viungo vimekaza. Huku uwandani maji yalikuwa ya kushukia bondeni, kwa hiyo yakishapanda hayamwagwi ovyo: yanakaa mtungini, ndani, karibu na kitanda, na mbu aina ya Aedes anazalia humo humo. Mwaka 1953 virusi vya chikungunya vikapatikana kwenye damu ya wagonjwa wa huku. Ndiyo maana ugonjwa una jina la Kimakonde, lugha ya huku, dunia nzima.

Vinaingiaje kwenye seli? Jibu lilichukua miaka 65. Mwaka 2018 kundi la Michael Diamond, Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis, Marekani, lilizima jeni moja moja kwenye seli za panya. Wakizima hiyo MXRA8, virusi vinahangaika mlangoni. Protini yake imekaa juu ya utando wa seli, navyo huishika hapo. Ya ng'ombe ina kipande cha ziada kinachovizuia visishike (ng'ombe ana bahati yake).

Sasa niambie wewe msomi: sisi tumewekewa protini hiyo ya nini? Si ya kupokea virusi, hilo nakataa. Panya aliyezaliwa bila jeni hiyo anaishi. Hata jina iliyopewa limetokana tu na kuonekana ikiwaka, yaani ikifanya kazi, pamoja na jeni zinazohusika na nyuzi zinazoshikiza seli. Na anayetaka dawa ya kuziba mlango huo lazima ajue akiuziba anaharibu nini kingine.

Muulize mhadhiri wako kabla hujabadilisha kozi. Hela ya muhula nitatuma mnada wa korosho ukishapita.

Mjomba wako, Newala