Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: majivu ya volkano na kinachoota juu yake

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Nakuandikia kutoka Tanga mjini, nafundisha jiografia sekondari, na najua utashangaa mtu wa pwani anahangaika na majivu ya volkano wakati huku kwetu hakuna volkano, lakini nivumilie kidogo.

Nilikokulia palikuwa na tanuri la chokaa jirani. Wakipakua, vumbi jeupe linatua kila mahali, uani, juu ya makuti, kwenye ukoka. Kaskazi ikipiga siku mbili tatu uani panarudi udongo mtupu kama vile hakikuwahi kutua kitu, ila ukifunua ukoka unakuta chokaa ipo palepale imekamatwa kwenye vishina, na penye vichaka ndo inakuwa nene kuliko hata ilivyoanguka, maana ile iliyopeperushwa kutoka uani inaenda kukwama kule.

Majivu ya volkano nayo ni hivyohivyo. Wataalamu wamepima Aisilandi, nchi ambayo majivu yake mwaka 2010 yalizuia ndege kuruka karibu Ulaya nzima, wakaona kinachobaki ardhini kinategemea sana mimea iliyopo, penye vichaka na miti mifupi majivu yanashikwa, penye mtupu upepo na maji vinayahamisha. Na hapo ndo kuna tatizo kubwa mheshimiwa, kwa sababu ukubwa wa mlipuko wa zamani tunaukadiria kwa unene wa tabaka la majivu, sasa mtu akichimba kwenye kipara cha mlima atasema mlipuko ulikuwa mdogo, akichimba palipokuwa na kichaka atasema mkubwa, na wote wawili wamepima vizuri tu!

Sisi tuna Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano kule kaskazini. Ulilipuka Septemba 2007 na majivu yakaendelea kutoka hadi 2008, yakaangukia malisho na maboma ya watu. Utalipuka tena, hilo halina ubishi. Ombi langu la kwanza ni kwamba siku hiyo ikifika watu wapelekwe mapema kabla mvua haijanyesha, wapime unene, na pembeni ya kila kipimo waandike pale palikuwa na nini, nyasi ndefu, nyasi zilizoliwa na mifugo, migunga au udongo mtupu. Halafu warudi palepale baada ya mwaka, na baada ya miaka mitano. Daftari, rula na wazee wa Kimaasai wanaolijua kila bonde na malisho yake, hata GPS ya simu inatosha kuanzia.

La pili ni Laetoli, kule Ngorongoro kwenye nyayo za watu wa kale, na hili ndo linaniuma zaidi. Zile nyayo zina miaka kama milioni 3.6, watu wa kale walikanyaga majivu mabichi yaliyolowa mvua kidogo, yakakauka yakawa magumu kama saruji, mengine yakaanguka juu yakazifunika. Timu ya Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, ikazifukua 1978 na 1979, kisha wakazifukia tena kwa mchanga ili zisiharibike. Nia ilikuwa njema kabisa. Kumbe kwenye ule mchanga mlikuwa na mbegu za migunga, zikaota, miti ikakua na mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo zenyewe, ikabidi katikati ya miaka ya 90 serikali yetu na taasisi ya Getty ya Marekani wafukue upya, waitoe miti na mizizi mmoja mmoja, ndo wakafukia tena na kuweka vitambaa maalum vya kuzuia mizizi.

Yaani mmea huohuo unaolinda majivu yasipeperuke unaweza kuyapasua ukiwa na mizizi mirefu. Kwa hiyo kusema "pandeni miti" haitoshi na kusema "fyekeni" pia haitoshi. Nyasi fupi zenye mizizi ya juujuu ziachwe, ng'ombe wasizimalize, mche wa mgunga ung'olewe ukiwa bado kidole na sio usubiriwe mpaka uwe mti. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja mwenye jembe anayepita kila baada ya masika, tena awe kijana wa hapohapo anayelipwa mshahara wa kueleweka.

Mwaka 2016 Profesa Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitangaza nyayo nyingine mita 150 tu kutoka zile za kwanza, zilionekana walipokuwa wanachimba mashimo ya majaribio kwa ajili ya makumbusho. Maana yake chini ya yale majani bado kuna vingi hatujavifikia, na kila kampeni ya kupanda miti au kusafisha vichaka eneo lile inapita juu yake.

Kwa hiyo naomba mheshimiwa, kabla mtu hajachimba shimo la mche kule, aulizwe kwanza mizizi yake inashuka futi ngapi.