Mbwa wa nyumbani akifa asitupwe mtaroni

Ndugu Mhariri,

Masika yakishika, mitaro ya miji yetu huanza kutapika mizoga ya mbwa iliyofungwa kwenye viroba. Ukitazama vizuri, si wote mbwa koko: wengine bado wana mkanda shingoni. Ni Simba na Popi wa watu, waliolinda geti miaka minane au kumi, kisha kijana akapewa hela kidogo akawatupe. Hatuamini kwamba wenye mbwa hao hawakuwapenda. Mara nyingi hakuna aliyewahi kuwaeleza la kufanya, nasi tunaotibu wanyama hawa tunaomba nafasi ya kulieleza.

Kabla ya kushika jembe, jiulizeni kilichomuua. Mbwa mzee aliyekonda na kuzimika taratibu hana shida. Lakini kama siku za mwisho alibadilika tabia, sauti ikakwaruza, taya likalegea, mate yakachuruzika na hata maji yakamshinda kumeza, mchukulieni kuwa amekufa kwa kichaa cha mbwa hadi ithibitike vinginevyo. Hapa ndipo watu wema wanapoponzeka: wanadhani mfupa umekwama kooni, wanatia mkono mdomoni kuutoa. Mbwa wa namna hiyo, au aliyemng'ata mtu katika siku 10 kabla ya kufa, asizikwe, asichomwe wala asipondwe kichwa, maana ubongo wake ndio unaopimwa. Mfunikeni kivulini bila kumshika kwa mikono mitupu, mzungushieni barafu kama ipo, na mpigieni afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo, kwani kwenye joto ubongo huharibika upesi. Aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate penye jeraha, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kuchanjwa bila kusubiri majibu ya kipimo. Dalili zikishamwanza binadamu, tiba hakuna.

Kwa mbwa mwingine, hakikisheni kwanza kuwa amekufa kweli. Weka kiganja kifuani upande wa kushoto, nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele, utulie dakika tano. Gusa mboni ya jicho kwa ncha ya kitambaa. Aliye hai atapepesa. Msishtuke akivuta pumzi moja mbili au misuli ikitetemeka baada ya moyo kusimama. Macho hayajifungi yenyewe. Mkojo na kinyesi hutoka misuli ikilegea, kwa hiyo tandikeni magazeti ya jana chini yake (Mhariri atusamehe). Kukakamaa huanza baada ya saa mbili tatu, kwenye joto hata mapema zaidi. Mkunjeni miguu mapema, mkao wa mbwa aliyelala, la sivyo mtachimba shimo refu bila sababu. Viroboto nao huukimbia mwili ukipoa na kuhamia kwenye mkeka wa karibu, hivyo atolewe nje bila kuchelewa.

Shimo la mbwa wa kilo 25 liwe na urefu wa mita moja, upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1.2. Watu huchoka wakifika sentimita 50 wakafukia, na baada ya siku chache mbwa wa mtaani wamemfukua. Juu ya mwili udongo usipungue sentimita 80. Pawe mbali na kisima, angalau mita 30, na maji yakianza kuchuruzika shimoni, kama ilivyo kwenye mabonde ya Dar es Salaam, hamieni penye mwinuko. Mviringisheni kwenye shuka kuukuu, khanga au gunia la katani, vitu vinavyooza. Ndani ya nailoni au kiroba mwili hukaa miezi mingi ukinuka. Chokaa nayo inasifiwa kuliko inavyostahili. Wengi humwaga mfuko mzima wakiamini inamaliza mwili haraka, ilhali inachelewesha kuoza. Faida yake ni kupunguza harufu na nzi, na kilo mbili tatu juu ya tabaka la kwanza la udongo zinatosha. Shindilieni, pangeni mawe, acheni tuta la sentimita 30, maana mvua zikinyesha kaburi litadidimia. Mti usipandwe katikati. Mwili unaooza huunguza mizizi michanga. Asumini au mwarobaini upandwe pembeni, hatua moja kutoka ukingoni.

Pwani kuna jambo la adabu pia. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi huko, mate na unyevu wa mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Ukimwomba jirani akusaidie kubeba, mwulize kwanza, na umpe glavu na machela ya gunia kavu.

Mbwa aliyechomwa sindano ya kumpumzisha kliniki hubaki na dawa hiyo, pentobabitali, mwilini. Hali kadhalika aliyelishwa na wezi nyama yenye sumu, ambayo mara nyingi ni dawa ya wadudu wa shambani. Fisi, tumbusu au mbwa atakayemla naye anaweza kufa. Hapo kina kisipunguzwe hata kidogo, na matapishi pamoja na mabaki ya ile nyama yaokotwe kwa glavu yaingie shimoni humohumo.

Mnaotaka ukumbusho, ufanyeni kabla hajakakamaa. Alama ya mguu hupatikana kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa, unene wa sentimita tatu: futa unyayo, ukandamize, kisha mimina jasi iliyokorogwa, vikombe viwili kwa kimoja cha maji. Baada ya nusu saa hubanduka. Ule unga wa ngano na chumvi unaosifiwa mitandaoni hunyonya unyevu na kuota ukungu. Kwetu sisi kadi ya chanjo inaishinda picha: ina jina lake, rangi yake, na tarehe ya kila mwaka mtu alipokumbuka kumpeleka.

Mbwa mwenzake aachwe aunuse mwili, kama ugonjwa haukuwa wa kuambukiza. Atazungukazunguka, atalala pale alipolala marehemu, atapunguza kula. Zikipita siku mbili hajala kabisa, msiseme ni majonzi. Tazameni kama fizi zimepauka, mpimeni joto. Likizidi nyuzi 39.5 huenda ni homa ya kupe, pengine ileile iliyomuua mwenzake. Watoto waambiwe amekufa. Ukiwaambia amelala, wapo watakaoogopa kulala. Na mlinzi wa usiku asisahauliwe siku ya kuzika. Mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa akimlisha, halafu habari anaipata kwa kuukuta mnyororo mtupu.

Mbwa mchanga aliyekufa kwa parvo, yaani ugonjwa wa virusi unaotapisha na kuharisha damu, asirithiwe na mwingine asiyechanjwa. Kirusi chake hukaa ardhini miezi mingi, hata mwaka. Banda lioshwe kwa sabuni kwanza, kisha jiki, kipimo kimoja kwa 30 vya maji, iachwe dakika 10. Ikimwagwa juu ya uchafu haifanyi kazi. Matandiko yachomwe.

Mwenye tabu zaidi ni mpangaji asiye na uwanja. Ombi letu kwa halmashauri ni dogo: kila dampo litengewe kona yenye uzio na shimo la kina cha mita mbili, lifunikwe udongo kila mnyama anapoingizwa, na namba ya simu ya mhusika ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Hadi hapo, mpangaji amwulize afisa mifugo wa kata au kliniki anakomtibia mbwa wake ni wapi anaruhusiwa kuzika, na aulize mbwa angali mzima.

Wataalamu wa afya ya wanyama,
Morogoro