Muanzie mlangoni kwa mtu

Bukavu, Kadutu

Mama Neema mpenzi,

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kusikia akina mama wa Katuba, huko Lubumbashi, mnataka kushikana mkono na familia zilizoelemewa. Umeuliza muanze na dawa au chakula. Mimi nasema muanzie mlangoni kwa mtu.

Kuna jirani yetu mmoja, mtoto wake alipimwa unene wa mkono na reko, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaani. Utepe ukasoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, yaani utapiamlo mkali. Akapelekwa senta ya afya, akapewa plumpy, ile siagi ya karanga ya kutibu utapiamlo, akapona. Haukupita muda, nyekundu tena! Safari hii reko hakukunja utepe na kuondoka. Alivuta kigoda, akamsaidia mama kuchambua sombe (majani ya muhogo), na maneno yakaanza kutoka: bwana kaenda machimboni, kimya; mwenye nyumba anadai kodi; na zile pakiti za plumpy watoto wote walikuwa wanagawana. Sasa wewe ungemlisha mmoja huku wenzake wanamkodolea macho?

Hapa Bukavu mfano tunao. Panzi, hospitali aliyoianzisha Daktari Mukwege mwaka 1999, mwanamke aliyetendewa ukatili hatibiwi mwili tu. Kuna wa kumsikiliza, kuna mwanasheria, kuna na wa kumsaidia kupata riziki. Ninachokipenda mimi ni kwamba hazungushwi ofisi hadi ofisi akirudia aibu yake.

Sisi wa kartie, wa mtaani, mwanasheria hatuna, ila muso tunayo, kikundi chetu cha kuweka akiba na kusaidiana. Sanduku la kijani ni la mikopo, jekundu ni la ugonjwa na msiba. Tulibishana jioni nzima kama kodi ya nyumba nayo ni msiba. Mweka hazina akashikilia kanuni (unamjua alivyo). Mwishowe jekundu likatoa nusu, wazee wa avenue wakaenda kumbembeleza mwenye nyumba, na mama alipojiunga, kijani likamkopesha mtaji wa kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Sasa ana meza yake sokoni. Mkono wa mtoto uko kwenye kijani cha utepe, yaani yuko salama, ingawa reko bado anapita.

Angalieni midomo tu. Alichosikia reko jikoni kisimtangulie kufika bombani. Sisi tulimwondoa reko mmoja kwa hilo, na alikuwa mchapakazi kweli.

Daftari la kanuni nitalipiga picha nikutumie kwa WhatsApp. Kurasa za nyuma usizisome, ni madeni yangu ya sabuni.

Wasalimie wote,
Mama Ombeni