Shangazi, ile picha ya sebuleni

Shikamoo shangazi.

Naandika hadharani kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Unaniuliza nimekula nini, nimevaa sweta, mara vocha imeisha. Na hili ni la kukiri kosa.

Ile picha uliyoitia fremu ukaitundika juu ya televisheni, mimi nimekaa katikati ya maua nacheka, ambayo kila mgeni unamwambia niko bustani ya malkia. Si bustani ya malkia. Na pale sikupaswa kukaa.

Ni kipande cha msitu kinaitwa Chalet Wood, ndani ya Wanstead Park, mashariki ya London. Kutoka Barking napanda treni vituo viwili tu, kisha nakatisha kwa miguu uwanja wa Wanstead Flats. Siku hizi sehemu ya nyasi huzungushiwa uzio wakati kama huu ili ndege waitwao vipozamataza watage chini bila kukanyagwa na mbwa.

Maua yenyewe ni bluebell, kengele za buluu. Huko kwenu masika yakipamba moto, huku ndiyo machipuko, nayo huchanua kuanzia katikati ya Aprili mpaka Mei, basi. Maisha yake yote ni kuwahi. Miti ya huku hupukutisha majani wakati wa baridi, msitu ukabaki uchi. Sasa kabla majani mapya hayajaziba jua, vitunguu vya bluebell vilivyolala ardhini vimeshachipua, vimechanua na kujiwekea akiba. Ni kama sisi tulivyokuwa tunadamka na ndoo kuwahi bombani kabla foleni haijajaa.

Rangi yake usiniulize. Kukiwa na mawingu ni buluu. Jua likipenya inakuwa zambarau, zambarau tunda, ile ya kutia doa ulimini. Kwa mbali huoni ua moja moja, unaona kama moshi umetambaa chini ya miti. Ukiinama ndipo unaona kishina kimepinda upande mmoja kama bi harusi mwenye haya, na ncha za kila kengele zimejikunja nje. Harufu ipo, tamu, ya chini chini. Kilua chako kingeicheka.

Watu wanaojitolea wamepanga magogo kando ya njia ili mtu asitoke. Mwaka wangu wa kwanza niliruka gogo, nikakaa, nikajipiga picha. Mzee mmoja alikuwa amesimama na mbwa wake. Hakufoka. Alingoja nimalize, akauliza kama picha imetoka vizuri, ndipo akanieleza: ua likivunjika si kitu, shida ni majani. Jani likipondwa haliwezi kukilisha kitunguu chake, na pale palipokanyagwa huchukua miaka kurudi. Mbegu nayo, kutoka kuota mpaka kutoa ua la kwanza, ni miaka 5 au zaidi. Kung'oa vitunguu hivyo msituni bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa huku Uingereza tangu sheria ya 1981.

Nilitamani ardhi inimeze, shangazi, maana nilikuwa najua. Kule Amani, milimani Usambara, ulinizaba kofi kwa kuchuma kile kiua cha zambarau cha kwenye miamba ya mtoni. Unakumbuka? Basi kiua kile huku wanakiita African violet, kinauzwa supamaketi, kwenye kikopo cha plastiki, karibu na viazi. Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyepeleka mbegu zake Ulaya 1892, na sasa kimejaa madirisha ya watu wasiojua Usambara iko wapi, wakati kwao kinapungua kila miti inapokatwa. Nimenunua kimoja. Kiko dirisha la jikoni, tunaelewana kuliko ninavyoelewana na jirani wa ghorofa ya juu.

Jumamosi nimetoka zamu ya usiku nikapitiliza moja kwa moja msituni. Mahali pale napajua, pana kisiki chenye kuvu pembeni. Pande zote buluu tupu. Pale nilipokaa pana majani matatu membamba, ua hakuna.

Nimekutumia picha mpya. Nimesimama njiani, nyuma ya gogo, maua yako mbali na hayaonekani vizuri. Nimevaa koti la mvua na jicho moja limefumba. Naomba uibadilishe kwenye fremu.