Kuhusu usingizi wa Mama

Shoga yangu,

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia. Hapo wodini mambo ya namna hii ukiambiwa kwa simu nusu yake yanapotea. Poleni sana. Nyonga kuvunjika kwa umri wa Mama, na kisukari na presha juu yake, si jambo dogo, wala sitakudanganya.

Unaniuliza kama akipigwa nusu kaputi, ile dawa ya usingizi ya kulaza kabisa wakati wa upasuaji, ataamka. Takriban kila ndugu wa mgonjwa huniuliza hilo. Uwezekano wa kuamka ni mkubwa sana, kwa sababu muda wote wa upasuaji kuna mtu wa usingizi, kama mimi, amekaa kichwani kwake ambaye kazi yake ni kuangalia pumzi, mapigo ya moyo, presha na oksijeni, basi. Mimi naogopa zaidi usiku wa pili na wa tatu, akisharudi wodini na muuguzi mmoja ana kina mama chungu nzima wa kuwaangalia. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika nchi 25 za Afrika. Vifo vilikuwa kama mara mbili ya wastani wa dunia, japo wagonjwa wetu walikuwa na umri mdogo na magonjwa machache zaidi. Na katika kila 100 waliofariki, 94 walifariki siku ya upasuaji ikiwa imeshapita.

Kwa hiyo hela ya nauli ya ndugu msiimalize yote siku ya upasuaji. Pangeni zamu za usiku. Atakayelala naye aangalie kama anahema haraka, kama mkojo umepungua, kama amelegea na haamshiki vizuri. Akianza kuongea mambo yasiyoeleweka au kumuita Baba ambaye hayupo, msiseme ni uzee, wala msikimbilie kumwombea atolewe mashetani. Mwiteni muuguzi. Huenda sukari imeshuka, oksijeni haitoshi au ana maumivu makali. Miwani yake iwe karibu, na mtu anayemfahamu awe karibu pia.

Kaka yako anayetaka apelekwe kwa waunga mifupa mwambie hivi: kutompasua nako kuna hatari yake. Mzee mwenye nyonga iliyovunjika akilala kitandani wiki kadhaa, mapafu yanajaa makohozi, damu inaganda miguuni, vidonda vinatoka mgongoni. Ndiyo maana sisi hupenda apasuliwe mapema, ndani ya saa 48 ikiwezekana. Presha ya 160 na kitu uliyoniandikia haitoshi kuahirisha. Ingefika 180 kwa 110 tungeongea mengine.

Halafu hao wanaokwambia sindano ya mgongo, ile ya kufa ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini, ni salama na nusu kaputi ni kifo wanakuza mambo. Kuna utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2021, wagonjwa 1,600 wa nyonga kama Mama, nusu hivi walipewa hii na nusu ile. Baada ya siku 60, walioweza kutembea na waliofariki hawakutofautiana kwa maana yoyote. Kinachoamua ni mwili wake. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sindano ya mgongo inaweza kusababisha damu ivujie karibu na uti wa mgongo, miguu ikapooza. Kama mlango mmoja wa moyo umebana sana, sindano hiyo hiyo inaweza kushusha presha ghafla, moyo ukashindwa kuhimili. Daktari akisikia moyo unavuma, ulizeni kama eko, kile kipimo cha picha ya moyo, inahitajika.

Vidonge vyake vyote, hata vile vya kwenye mfuko wa nailoni visivyo na jina, mpelekeeni mtu wa usingizi avione kwa macho. Dawa ya kisukari kama glibenklamidi akiimeza asubuhi ya upasuaji huku hajala, sukari itaanguka. Dawa ya moyo kama atenololi mara nyingi huwa haifai kuikata ghafla. Na ule unga wa mitishamba wa kisukari, najua upo, msiufiche. Hatutamgombeza.

Chakula nacho! Nimewahi kumkuta shangazi wa mgonjwa alfajiri nyuma ya pazia, chupa ya uji kwapani, kijiko kinaelekea mdomoni mwa mtu anayeingia thieta saa mbili asubuhi. Kwa huruma tu. Ila mtu akishalala kwa dawa, koo halijilindi tena. Kilichomo tumboni kikipanda kinaingia kwenye mapafu. Na mwenye kisukari cha miaka mingi tumbo lake huchelewa kumaliza chakula. Uji ni chakula, chai ya maziwa ni chakula, na vyote visimame angalau saa sita kabla ya upasuaji. Maji matupu huruhusiwa mpaka zibaki saa mbili, ila muulizeni kwanza atakayemlaza.

Nitumie picha ya vidonge na majibu ya damu, hasa wingi wa damu na figo. Kesho nipo thieta mpaka mchana, nipigie baada ya hapo. Na mwambie Mama meno ya bandia ayatoe mwenyewe kabla hajapelekwa, ampe mtu anayemwamini, maana najua hataki mkwe wake amwone bila meno.

Wako,
yuleyule wa usingizi