Kengele ya Frere Town: maelezo kabla ya ziara ya Jumamosi

Ndugu wanakikundi, salaam.

Kwa kuwa Jumamosi tutaanzia Kengeleni, ningependa kila mmoja afahamu kwamba jina hilo, ambalo makondakta wa matatu hulitaja kutwa kana kwamba ni kituo tu, limetokana na kengele ya Wamisheni. Baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa mwaka 1873, Mchungaji William Salter Price wa CMS (Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana wa Uingereza) alitumwa Mombasa mwaka 1874, na ng'ambo ya kisiwa, mahali palipokuwa shamba tupu (leo mtu hawezi hata kuvuka barabara kwa utulivu), pakaanzishwa makazi ya watu waliookolewa majahazini, yakapewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Zanzibar kushinikiza biashara ya watumwa ikomeshwe. Kengele iliwaita ibadani, na wazee husimulia kwamba ililia pia kuwaonya wanakijiji walipohofia kuvamiwa na wafanyabiashara wa watumwa. Kwa maoni yangu, kazi hiyo ya pili ndiyo inayostahili kuelezwa kwanza kwa vijana wetu.

Tukutane pale saa 2:00 asubuhi. Tafadhali asiigonge mtu.